Hema Ndani ya Msikiti wa Mtume

Kila mwaka familia nyingi za pwani yetu hujinyima hiki na kile ili mama au nyanya apate kufika Madina Munawwara. Nimejaaliwa kuandamana na misafara kadhaa ya Umra, na maswali ya akina mama wanapoingia Msikiti wa Mtume (S.A.W.) huwa ni yale yale: Rawdha iko wapi, mimbari iko wapi, kaburi tukufu liko upande gani. Ni maswali mema, na majibu yake yamo katika kila kijitabu cha ziara. Liko jambo moja ambalo sijapata kuulizwa, nami hulisema bila ya kuulizwa: ndani ya msikiti huu alikaa mwanamke, naye hakuwa na mume wala kabila la kumtetea.

Ili kumwona, yatupasa kwanza kuiondoa machoni marumaru ya leo, mazulia, na ile miavuli mikubwa ya uani. Msikiti uliojengwa mwaka wa 1 Hijria, yaani 622 Miladia, ulikuwa wa matofali mabichi. Nguzo zake zilikuwa magogo ya mitende na paa lake makuti ya mitende, mvua ikinyesha, huvuja, na Mtume (S.A.W.) alipata kusujudu katika maji na tope. Pembeni zilipakana hujra za wakeze. Nyuma palikuwa na Suffa, mahali penye kivuli walipolala masahaba mafukara wasiokuwa na jamaa mjini, Abu Hurayra (R.A.) akiwa miongoni mwao.

Habari za Suffa twazisoma tangu chuoni. Habari za hema la mwanamke huyu hazisomeshwi sana, ingawa zimo katika Sahihi ya Bukhari, kwa ulimi wa Bi Aisha (R.A.) mwenyewe.

Alikuwa mjakazi mweusi wa kabila fulani la Waarabu. Walimwacha huru, lakini akaendelea kukaa nao, kwani huru asiye na kwao ataelekea wapi? Siku moja binti mmoja wa kabila hilo alitoka amevaa mshipi wa pambo wa ngozi nyekundu. Akauweka chini, au ulimwanguka. Mwewe akapita, akaudhania ni nyama, akaunyakua. (Mwenye kufuga vifaranga anamjua mwewe, hana haja ya kuelezwa.) Wenyewe wakautafuta wasiuone, na tuhuma ikamwangukia mjakazi. Wakampekua, hata wakamkagua tupu yake.

Riwaya haikulificha jambo hilo, nami sioni sababu ya kulifunika. Katika nyumba zetu, mkufu ukipotea, mkoba wa kwanza kumwagwa sakafuni ni wa msichana wa kazi. Nimepata kuitwa kusuluhisha katika nyumba ya watu wa dini, msichana amekwisha vuliwa nguo na kufukuzwa usiku bila ya ujira wake, na pete ikaonekana siku ya tatu ndani ya mfuko wa kanzu ya mwenye nyumba. Hakuna aliyemfuata yule msichana kumwomba radhi. Niliambiwa kwamba, hata hivyo, hakuwa Mwislamu.

Basi na tusikilize yaliyosalia. Katika riwaya moja, mwanamke yule anasema kwamba alimwomba Mwenyezi Mungu amtakase na tuhuma ile. Naye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Akiwa amesimama nao, mwewe akarudi akautupa mshipi, ukaanguka katikati yao. Akawaambia: hiki ndicho mlichonituhumu nacho, nami sina hatia. Ibn Hajar al-Asqalani, alipoisherehesha hadithi hii, alitoa humo hukumu kwamba dua ya mwenye kudhulumiwa hujibiwa hata akiwa kafiri. Alisema pia kwamba humo mna ruhusa ya kuihama nchi ambayo mtu amepatia mateso.

Naye akahama. Akaja kwa Mtume (S.A.W.), akasilimu, na akawa na hema, au kijumba kifupi, ndani ya msikiti. Bukhari ameiweka hadithi yake katika mlango wa mwanamke kulala msikitini, na wanavyuoni wakachukua hapo kwamba asiye na makazi miongoni mwa Waislamu, mwanamume au mwanamke, aweza kulala msikitini ikiwa hapana hofu ya fitna. Yafaa kamati zetu za misikiti ziisome hukumu hiyo. Twajenga stoo za majamvi na vyumba vya jenereta, na mama aliyeachwa na mumewe akiwa na watoto watatu humkuti mtu wa kumwonyesha hata baraza.

Kutoka hemani alikuwa akienda kuzungumza na Bi Aisha. Kila kikao hakikukosa ubeti wake mmoja, ambao maana yake ni kuwa siku ya mshipi ilikuwa miongoni mwa maajabu ya Mola wetu, na ndiyo iliyomwokoa na mji wa ukafiri. Hatimaye Bi Aisha akamwuliza: una nini wewe, kila ukikaa nami husema haya? Ndipo akamsimulia. Lau Mama wa Waumini asingemkaribisha na kumwuliza, habari hii isingetufikia. Jina lake halikutajwa katika riwaya, wala la kabila lililomtuhumu.

Akina mama watakaokwenda mwaka huu watahitaji kibali cha kuingia Rawdha, kinachopatikana kwa programu ya Nusuk, na muda wenyewe ni mchache. Mara nyingi watu huumaliza kwa kusukumana. Ukishaswali rakaa zako, mama, inua macho uzitazame nguzo. Baadhi yake zimeandikwa juu, kwa Kiarabu, kwamba hapo ndipo mpaka wa msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulipoishia zama zake. Hema lile lilikuwa ndani ya mpaka huo.