Programu Niliichagua kwa Maji ya Ziwa

Ukipiga video za harusi Mwanza, ziwa hulikwepi. Maharusi wakitoka kanisani, msafara unateremka ufukweni, wanasimama Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yao, upepo unapeperusha shela. Tulipohama kutoka kanda za DV kwenda HD, hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

DVD hubeba gigabaiti 4.7, na kwa mfumo wetu wa PAL picha yake ni nukta 720 kwa 576. Kamera mpya zilitupa hadi 1920 kwa 1080. Blu-ray, iliyobaki na soko baada ya Toshiba kuachana na diski shindani ya HD DVD Februari 2008, hubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja. Hata hivyo, kila diski inataka picha ibanwe. Ukuta uliotulia programu yoyote ya kuhariri video itaubana vizuri. Maji hayatulii hata fremu moja, na programu dhaifu ikizidiwa huyakata miraba miraba. Mama mmoja wa Kirumba aliitazama harusi ya bintiye, akaniuliza, "Mwanangu, mbona ziwa limekuwa vigae?"

Tangu hapo sikununua programu kwa sifa za muuzaji. Nilikuwa na kipande kimoja cha video: kivuko kinaondoka kwenda Kamanga asubuhi, mawimbi yanametameta, abiria wanakatiza mbele ya kamera. Nilikipitisha kwenye kila programu kwa kiwango kilekile cha biti, nikachoma diski, nikaitazama kwenye runinga ya sebuleni. Maji yalinionyesha uwezo wa kubana. Miguu ya abiria ilinionyesha mpangilio wa mistari ya picha: DV huanza na mistari ya chini, HD ya juu, na programu ikiigeuza, mwendo wote unatetemeka.

Vegas, iliyozaliwa kama programu ya sauti, ilikuwa nyepesi na kwaya ilisikika safi. Diski zake zilitengenezwa na DVD Architect. Premiere ya Adobe ilikuja na Encore ya kutengenezea diski, ambayo menyu zake ungeweza kuzichora kwenye Photoshop utakavyo. Edius ilikuwa na menyu za kawaida tu, lakini ilipokea video za miundo ya HDV na AVCHD kwa pamoja bila kukusubirisha. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kamera za harusi moja mara nyingi ni za kukodi na hazifanani. Nikaamua: kukata kwa Edius, diski kwa Encore.

Kisha linakuja swali la nani atatazama, na wapi. Wateja wengi wa Igoma na Nyakato walikuwa na deki ya DVD tu, kwa hiyo DVD haikukosekana. Diski ya HD ilikuwa ya ndugu walioko nje. Wa Uingereza hakuwa na shida, kwa kuwa fremu zao ni 25 kwa sekunde kama zetu. Wa Marekani ndiye wa kuangalia: deki nyingi za kule hukataa Blu-ray ya mfumo wetu, hivyo programu isiyobadilisha mwendo wa fremu vizuri haikufai hata ikiwa ya bure.

Mwaka 2013 Adobe ilihamia mfumo wa Creative Cloud na Encore haikupata toleo jipya, ikaishia toleo la CS6. Wateja nao wakaanza kuomba flashi badala ya diski. Kipande changu cha Kamanga bado nakitumia, kwa sababu video inayotumwa kwa simu hubanwa zaidi kuliko ya diski.

Kijana unayeanza kazi hii, usiulize programu gani ni bora. Muulize mteja atatazama kwa kifaa gani na yuko nchi gani, kisha nenda ufukweni urekodi maji, uijaribu programu kabla hujatoa hela.