Kidonge Kimoja, Wagonjwa Wawili

Paka wa mama yangu, huko Bwera, alianza kujigonga kwenye viti. Mboni zake zilikuwa zimepanuka hata mbele ya taa. Mama, ambaye humeza amlodipini ya miligramu 5 kila asubuhi kwa ajili ya shinikizo la damu, akakata kidonge chake ampe nusu. Nikamzuia: "Subiri, mama, tumwulize daktari kwanza."

Nilimpeleka paka Kasese ndani ya kikapu. Daktari wa mifugo alimpima, akakuta presha iko juu. Akaeleza kwamba mara nyingi paka wazee huipata kutokana na ugonjwa wa figo. Dawa ni ile ile, lakini paka kwa kawaida huanzishiwa miligramu 0.625 kwa siku, yaani thumuni ya kidonge cha mama. Nusu ingalikuwa mara nne ya kipimo hicho, na mama mwenyewe angalibaki na upungufu.

Uoni haukurudi wote. Hata hivyo, paka sasa ana dawa yake, katika kichupa chake, mbali na zile za mama. Ndugu wasomaji, huruma bila kipimo huweza kuua.