Solo alipopotea, mimi nikabaki kwenye moja

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Kulikuwa na testi mbili, semina ya kuwasilisha, na bumu lenyewe lilichelewa, kwa hiyo hata hela ya vocha ilikuwa ya kuhesabu. Leo nimekaa kimbwetani, desa la Saikolojia ya Elimu liko mbele yangu na silisomi. Acha niandike linalonisumbua.

Wengi mnajua napiga gitaa la besi kwenye kabendi ketu ka hapa chuo. Sikulichagua. Mimi ni mtoto wa Morogoro, na kwetu kila anayeshika gitaa anataka kuwa Mbaraka Mwinshehe. Marehemu alifariki 1979 kwa ajali ya gari kule Mombasa, miaka mingi kabla sijazaliwa, lakini mtaani bado anapigwa kama vile kafa jana. Mbaraka alikuwa mtu wa solo. Sasa niambieni, nani alikuwa anampigia besi? Kimya. Ndiyo hivyo. Nilipojiunga na bendi, solo lilikuwa na mwenyewe, ridhimu lilikuwa na mwenyewe, besi lilikuwa limeegemezwa ukutani lina nyuzi tatu badala ya nne. Nikapewa mimi.

Mpiga solo wetu ni wa mwaka wa tatu, mimi wa pili. Hapa nitamwita Solo tu. Ndiye pia aliyenibeba. Nilikosa chumba mwanzoni mwa mwaka, akaniambia dogo leta begi lako. Tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha mtu mmoja. Kwa hiyo mnaelewa, huyu si mpiga gitaa mwenzangu tu, huyu ni kaka.

Sasa nieleze kidogo kazi yenyewe, maana watu wanadhani besi ni kutetemesha spika. Waimbaji wakimaliza, sebene likiingia, mpiga solo anaachiwa uwanja. Wewe wa besi unazunguka palepale kwenye kodi tatu, ya kwanza, ya nne, ya tano, kisha unarudi. Mapigo ni manne, na "moja" ndiyo nyumbani. Shida ni kwamba mpiga solo mzuri ni mwongo. Anachukua kipande cha noti tatu anakirudiarudia juu ya mapigo yako manne, na kila akikianza upya kinaangukia mahali pengine. Utamu wote uko hapo. Lakini ukimsikiliza sana, sikio linakudanganya kwamba moja imehama. Ukihama naye, ngoma inageuka, drams wanagonga huku, waimbaji wanaingilia kule, na wachezaji wanasimama wakitazamana.

Hayo si ya kusimuliwa, yalinikuta. Mwaka jana kwenye sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa tatu, Solo alinogewa, akaanza kukimbia. Nikamkimbilia. Drams akanifuata mimi. Wimbo ulioanza kwa raha ukawa mbio za kukimbia mvua, kisha mimi nikapoteza moja, na bendi nzima ikaanguka mbele ya watu. MC akadakia eti "matatizo ya umeme". Umeme! Taa zote zilikuwa zinawaka.

Likizo nikaenda nyumbani, nikamtafuta mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za dansi. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Nikamweleza aibu yangu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Solo kazi yake kutoka nyumbani. Na wewe ukitoka, nani atamfungulia mlango akirudi?" Akaniambia nifanye mazoezi na saa ya ukutani. Saa inagonga mara 60 kwa dakika. Ukifanya kila mgongo ni pigo la moja na la tatu, unapata mapigo 120 kwa dakika, mwendo mzuri kabisa wa kuchezeka. Ipo programu ya simu inayofanya hivyo, lakini saa haili chaji. Chumbani kwetu ipo moja, ya Solo mwenyewe. Nimepiga na saa ile usiku hadi jirani akagonga ukuta.

Fildi ya kufundisha nayo ilinifundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Nilipewa hesabu kidato cha pili. Kuna vijana wawili walikuwa wanajibu kabla sijamaliza swali, nami nikanogewa, nikaenda nao. Nilipotoa jaribio, wale wawili walipata, darasa lililobaki lilikuwa limeachwa stendi.

Basi, Ijumaa iliyopita tulikuwa na shoo. Saa kumi jioni matokeo yakatoka. Solo alikuwa na masapu tangu mwaka jana, sote tulijua. Alifungua simu, akaangalia, akaiweka mfukoni. Kadisko. Hakusema neno. Akabeba gitaa lake, tukaenda ukumbini.

Sebene la pili akatoka. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Alianza ndani ya mapigo, akayapita, kisha akawa hayupo tena kwenye wimbo wetu, alikuwa kwake peke yake. Drams akanigeukia macho yamemtoka, anauliza tumfuate? Nikatikisa kichwa. Niliinamisha uso nikaangalia mguu wangu. Moja, mbili, tatu, nne. Nikaacha mapambo yote, nikabaki na noti ya chini kwenye kila moja. Roho iliniuma jamani. Nilikuwa namsikia mtu aliyenilaza kitandani kwake anazama, nami sisogei hata kidole kumfuata. Sijui yalipita mazunguko mangapi. Kisha, polepole, noti yake moja ikaangukia juu ya yangu. Ya pili pia. Alikuwa amerudi. Watu walipiga kelele, wakadhani ni ufundi tulioupanga.

Usiku chumbani aliniuliza, "Mbona uliniacha peke yangu pale?"

Nikamwambia maneno ya mzee, ya mlango. Akakaa kimya muda mrefu, saa inagonga tu. Mwisho akasema, "Lala dogo, kesho nina safari." Hakuniambia kama nilifanya vizuri au vibaya, na mimi sikuuliza.

Asubuhi nilimsindikiza stendi, akapanda basi la Mbeya. Anasema ataomba chuo upya mwakani. Namuombea. Chumba kimepata mtu mwingine, mimi nahangaika, mwenye kitanda cha kunibeba anishtue, nalala kwa adabu, sikoromi. Saa ya ukutani kaniachia. Jumamosi tuna mazoezi, na nafasi ya solo iko wazi. Wameniuliza kama naitaka. Miaka miwili iliyopita ningeruka. Safari hii nimewaambia watafute mtu, mimi nabaki na besi.

Haya, ngoja nirudi kwenye desa, testi ni kesho saa mbili. Wasalaam.