Siku ya Mwisho ya Shuttle, na Watu Waliobaki Chini

Sisi watu wa kontenti tuna ugonjwa mmoja: tunapenda mianzo. Kila mtu ana video ya "leo naanza". Naanza biashara, naanza mazoezi, naanza chaneli. Ile ya kufunga hakuna anayeiposti. Mtu ananyamaza tu, halafu miezi mitatu baadaye unagundua ile biashara ya viatu ilikufa kitambo.

Labda ndio maana video ya Julai 8, 2011 imenishika hivi. Siku hiyo Marekani ilirusha Space Shuttle kwa mara ya mwisho. Nilikuwa na miaka minane na sikujua chochote. Huku kwetu ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, na kesho yake Sudan Kusini ilikuwa inapata uhuru, kwa hivyo wakubwa nyumbani walikuwa na habari za Juba tu. Nimekuja kuiona juzi juzi, kwa simu, na bando la usiku.

Kama hujui Shuttle ni nini, fikiria zile shuttle za Nairobi kwenda Nakuru. Sitanii. Wazo lilikuwa hilo hilo: gari linaenda, linashusha, linarudi, linabeba tena. Roketi za zamani ulikuwa unatumia mara moja basi. Hii ilipaa kama roketi, ikarudi ikatua kwa magurudumu kama ndege. Ya kwanza, Columbia, ilipaa Aprili 12, 1981. Hii ya mwisho, Atlantis, ilikuwa safari ya 135.

Sasa, mimi si shabiki kipofu. Waliahidi usafiri wa bei nafuu na wa kila mara, na mwaka wao wa kazi nyingi kabisa, 1985, walifanya safari tisa pekee. Na Shuttle iliua watu 14. Saba kwa Challenger mwaka wa 1986, sekunde 73 tu baada ya kupaa. Saba kwa Columbia mwaka wa 2003, wakiwa njiani kurudi nyumbani. Baada ya hiyo ya pili serikali yao ikaamua: tumalize kujenga kituo cha anga za juu, kisha hizi tuzipumzishe. Mimi naona walikuwa sawa.

Lakini pia zilijenga, lazima tuseme. Kituo chenyewe kilibebwa kipande kwa kipande, na vingi vya vipande hivyo vilipanda na Shuttle. Kuna chumba cha Wajapani kinaitwa Kibo. Kwetu hicho ni kilele cha Kilimanjaro, kwao maana yake ni tumaini. Kililetwa na Shuttle kati ya 2008 na 2009. Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, kitu kidogo kinachotosha kwa kiganja, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani kutoka hapo Kibo. Kwa hivyo msiniambie hayo ni mambo ya wazungu.

Kinachoniuma ni vile walifunga. Mpango uliokuwa uchukue nafasi yake, Constellation, ulikuwa tayari umefutwa. Yaani unauza gari lako la zamani na jipya hujanunua. Karibu miaka tisa wanaanga wa Marekani wakawa wanapewa lifti na Warusi, na si lifti ya bure, kila kiti ni mamilioni ya dola.

Hata idadi ya abiria ilikuonyesha hali. Shuttle ilizoea kubeba watu sita au saba. Safari hii walikuwa wanne: Chris Ferguson, Doug Hurley, Sandy Magnus na Rex Walheim. Kwa nini wanne? Kwa sababu hakukuwa na Shuttle nyingine ya kuwafuata ikiwa hii ingeharibika huko juu. Wangelazimika kukaa kituoni na kurudishwa mmoja mmoja na Soyuz, kwa miezi mingi. Manze, hebu kaa na hiyo kidogo. Unapanda kitu ukijua mpango wa kukuokoa ni kupanga laini.

Nilikuwa naiangalia tena Jumapili moja, nimeiunganisha na TV, mzee wangu akaingia akakaa. Mzee hana habari na roketi. Aliendesha mashine kiwandani, Industrial Area, miaka kumi na tisa, hadi kikafungwa. Akauliza hiyo ni nini, nikamwambia ni ya mwisho. Akasema sawa, akaendelea kunywa chai.

Saa inahesabu kurudi nyuma. Watu wamejaa barabarani na kando ya maji huko Florida, wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Hali ya hewa ilikuwa imewapa nafasi ya asilimia 30 tu ya kupaa, na sasa mawingu yameachia. Sekunde 31. Saa inasimama.

Shida ilikuwa mkono mmoja wa chuma. Una kofia inayokaa juu ya lile tangi kubwa la rangi ya machungwa, kuondoa mvuke wa oksijeni ili barafu isigande pale kileleni. Kabla ya kupaa mkono huo unasogezwa kando na kufungwa. Ulikuwa umesogea, lakini ishara ya kuthibitisha haikufika. Kwa hivyo wakageuza kamera, wakauangalia kwa macho. Zaidi ya dakika mbili dunia nzima inangoja. Halafu saa ikaendelea, moto ukawaka, Atlantis ikapenya mawingu ikapotea.

Mzee hakusema kitu kuhusu moto. Aliuliza, "Hao waliosimamisha, kazi yao inaisha leo?"

Nikamwambia ndiyo. Maelfu ya watu pale Florida walikuwa wameshaambiwa kazi inaisha. Mafundi waliokuwa wakibandika vile vigae vya kukinga joto, zaidi ya 20,000 kwa chombo kimoja, kila kimoja na mahali pake. Watu wa tangi, watu wa magurudumu, watu wa kompyuta. Wengine walikuwa na barua tayari.

"Na bado wameangalia mkono," akasema.

Hapo nikamkumbuka usiku wake wa mwisho kazini. Nilikuwa darasa la saba. Alifika nyumbani saa nne, mathe amekasirika chakula kimepoa, kumbe alikuwa amebaki akiisafisha ile mashine na kuitia mafuta. Mashine ya kuuzwa kama chuma chakavu. Wenye kiwanda walikuwa hawajawalipa hata mshahara wa mwezi huo. Mathe alimuita mjinga, na mimi kimoyomoyo nilikubaliana na mathe.

Sasa sikubaliani naye tena. Nilipoacha chuo mwaka wa pili sababu ilikuwa karo, na Alhamisi ile nilijua kabisa kwamba Ijumaa sitarudi. Nilikaa darasani saa tatu zote. Niliandika kila kitu, tarehe juu, kichwa cha habari nimekipigia mstari, kwa mtihani ambao sitaufanya. Rafiki yangu aliponiuliza kwa nini sikuchapa tu, sikuwa na jibu. Bado sina jibu zuri. Najua tu sikutaka mtu mwingine aniamulie hata vile nitakaa kwenye hicho kiti mara ya mwisho.

Atlantis ilitua alfajiri ya Julai 21, 2011. Waliikokota wakaiegesha nje ya karakana kwa saa kadhaa, ndio wafanyakazi waizunguke, wapige picha, wengine walie. Kesho yake kundi kubwa lao likawa halina kazi. Kiwandani kwa mzee walikuta kufuli mpya kwa geti.

Huko kituoni, Ferguson na wenzake waliacha bendera ndogo iliyokuwa imesafiri na Columbia ile ya kwanza ya 1981. Masharti yalikuwa: itachukuliwa na wanaanga watakaofuata kuja wakirushwa kutoka Marekani. Ilikaa miaka tisa. Mei 30, 2020, chombo cha SpaceX kilipaa kutoka uwanja ule ule wa 39A, na aliyekuwa kamanda ndani yake ni Doug Hurley, rubani wa ile safari ya mwisho. Yeye na mwenzake, Bob Behnken, ndio waliishusha.

Nilimsimulia mzee hiyo nikidhani itamfurahisha. Alifikiria kidogo, kikombe mkononi.

"Kwa hivyo dereva alirudishwa kazini," akasema. "Na yule wa kamera?"