Taya Lako Si la Fisi, Mshikaji!

Safari hii niliibukia Usukumani. Stendi ya Shinyanga nikanunua matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, vigumu kama kokoto. Nikavitafuna vyote. Nikajiona mkali wa meno!

Basi likapita Mwanza, likavuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa mwaka 2025. Jioni nikawa Geita, mji wa dhahabu. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Nikataka kuwaonyesha vijana wa machimboni kwamba mtoto wa mjini naye yumo, nikafungua soda kwa meno. Kwaa! Kitu kikalia karibu na sikio. Kizibo kilitoka, lakini mdomo ukagoma kupanuka.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia muuza supu ya vichwa vya mbuzi, kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umejifanya fisi?"

Akaokota taya la mbuzi, akanionyesha. Kiungio chake kiko juu sana kupita safu ya meno, tena ni bapa. Ndiyo maana taya linateleza kushoto na kulia, likisaga majani kama karasha linavyosaga mawe ya dhahabu. Fisi je? Chake kiko karibu usawa wa meno, kimekaa kama bawaba ya mlango. Kinafungua na kufunga, hakichezi sana pembeni. Misuli yake minene ikivuta, taya haliyumbi, na mfupa lazima upasuke.

Kumbe bwana, nguvu ni ya misuli, lakini umbo la kiungio ndilo linaloamua itafanya kazi gani!

Sasa sisi binadamu: tumepewa kifundo cha mfupa ndani ya kishimo kifupi. Ukipanua mdomo, kifundo kinateleza mbele. Kwa hiyo tunauma, tunasaga, tunapiga soga. Ila kikiruka ukingo wa kishimo, taya linachomoka na mdomo unabaki wazi mpaka daktari alirudishe. Mimi niliponea chupuchupu.

Siku tatu nilikunywa uji, wenzangu wakishambulia nyama choma. Na opena, msomaji wangu? Ilikuwa palepale mezani tangu mwanzo.