Chemli ya bibi na laki moja ya Dar

Msomaji wangu, siku ukiingia kwenye zile baa na hoteli za kisasa pale Dar, hebu inua macho kidogo. Kuna mahali utakuta chemli zimening'inizwa darini kama mikungu ya ndizi. Zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na ndani, badala ya utambi, kuna balbu ya umeme! Eti mapambo. Mimi mtoto wa Mabamba nikiziona huwa nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakata. Najua kwamba ili ule waya upite, mara nyingi kuna mtu alikamata drili akatoboa tangi. Na chemli iliyotobolewa tangi, bwana, ni maiti iliyovalishwa suti.

Mabamba, kwa wale ambao safari yao ndefu ni Kariakoo hadi Mwenge, iko Kibondo, mkoa wa Kigoma. Ukiendelea mbele kidogo unaingia Burundi. Ndiko aliko bibi yangu, na ndiko iliko chemli ninayotaka kuwasimulia.

Wazungu enzi zao walikuwa na magari ya kukokotwa na farasi, yenye taa mbili ubavuni. Nyingi zilitumia mshumaa. Mshumaa unaingizwa ndani ya bomba jembamba lenye springi chini. Kadiri unavyoungua, springi inausukuma juu, kwa hiyo moto unabaki palepale mbele ya bati linalong'aa la kurudisha mwanga. Ujanja mtupu! Sisi farasi hatukuwa nao, na hata angekuja, mbung'o wa mapori yetu wangemmaliza. Gari letu ni baiskeli. Na taa ya baiskeli, kwa asiye na dainamo, ilikuwa chemli iliyofungwa kwenye usukani kwa mpira.

Ya bibi ni ya Kijerumani. Imechorwa mkono ulioshika moto, yaani Feuerhand, na jina lenyewe maana yake ni hivyo hivyo, mkono wa moto. Kiwanda hicho kilianzishwa Ujerumani mwaka 1902. Babu aliinunua kabla baba hajazaliwa. Babu ameondoka, baiskeli yake imeliwa na kutu, chemli ipo.

Sasa sikia. Usiku mmoja wa mvua mwaka 2009 mama alishikwa na uchungu. Hakuna gari, hakuna simu ya maana, na giza lile la kwetu ambalo ukinyoosha mkono huoni vidole. Baba alimpakia mama kwenye kerieri, akawa anasukuma baiskeli. Bibi alishika mama asianguke. Mimi, kadogo hivi, nikapewa chemli nitangulie mbele. Kiberiti kilikuwa kimeshalowa. Taa ikizimika, tumekwisha, maana njia ilikuwa na makorongo kushoto na kulia. Upepo ukaja ule wa kung'oa mabati. Moto ukalala, ukawa mdogo kama punje ya mahindi, nikasikia bibi nyuma anasema taratibu, "Usikimbie, mume wangu. Tembea." Nikatembea. Moto ukasimama tena. Huyo mtoto aliyezaliwa alfajiri ile leo yuko sekondari, na ana kiburi kwelikweli.

Miaka mingi nilidhani ni miujiza. Kumbe ni mabomba! Tazama chemli yoyote, utaona mabomba mawili ubavuni yanayopanda toka kwenye tangi mpaka juu. Wengi wanadhani ni vishikio tu. Hapana. Hewa ya moto inapanda ndani ya kioo na kutokea juu. Hewa safi na ya baridi inaingilia huko huko juu, inashuka kwa yale mabomba mpaka kwenye utambi, inalisha moto. Kwa kuwa hewa inaingilia na kutokea karibu mahali pamoja, upepo ukipiga unasukuma pande zote mbili, haupati nafasi ya kuupuliza moto moja kwa moja. Mmarekani John Irwin ndiye aliyebuni mtindo huo miaka ya 1870. Nadhani hakuwahi kuisikia Mabamba, lakini yule mdogo wangu ana deni kwake.

Ndiyo maana bibi alikuwa mkali kuhusu yale mabomba. Buibui akijenga humo, au masizi yakiziba, taa inatoa moshi na unaanza kulaumu mafuta. Kila jioni kabla jua halijazama kazi ilikuwa ile ile. Utambi unakatwa kwa mkasi, ulionyooka, halafu pembe mbili zinapunguzwa kidogo. Ukiacha pembe, moto unatoa mapembe na kioo kinakuwa cheusi. Kioo kinasubiriwa kipoe ndipo kifutwe, kwa kitambaa kikavu au gazeti. (Gazeti hili pia linafaa, ila maliza kwanza kusoma.) Ukikitia maji kikiwa cha moto kinapasuka. Tangi halijazwi mpaka shingoni. Utambi mpya unaachwa kwanza unywe mafuta vizuri, la sivyo unaungua wenyewe. Na mafuta yananuswa! Bibi alikuwa ananusa kama mpishi anavyonusa pilau, kwa sababu mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hayaangazi nyumba, yanalipua.

Mambo ya kuchanganya hayo ndiyo yaliyokuja kuiua chemli. Wajanja wa mjini walikuwa wanachakachua dizeli kwa mafuta ya taa, kwa sababu yalikuwa rahisi. Serikali kwenye bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwabana. Waliobanwa zaidi ni akina bibi. Zikaingia tochi za Kichina, zikaingia sola, mwisho nyumbani ukaingia umeme. Simlilii mtu. Moshi wa kibatari niliosomea siutamani hata kidogo.

Sasa mwezi uliopita mshikaji wangu mmoja wa Dar, anayetafutia mahoteli vitu vya kale, aliona picha ya chemli ile kwenye simu yangu. Akaruka. Laki moja! Na mimi elfu ishirini ya udalali. Wewe msomaji unajua hali ya mwandishi wa kujitegemea ikifika tarehe ya kodi, kwa hiyo usinihukumu. Nikampigia bibi.

"Ataiwasha?" akaniuliza.

"Hapana bibi. Ataweka balbu."

Kimya. Halafu, "Balbu si zinauzwa dukani? Mwambie akanunue."

Nikamwambia laki moja ni debe ngapi za mahindi. Nikamwambia umeme anao, chemli ya nini? Akasema umeme wakikata, je, nitampelekea mimi mwanga toka Dar? Kisha akaanza kuniuliza kama nakula vizuri, yaani mazungumzo yamekwisha. Baba mdogo, anayekaa naye, aliniambia baadaye kwamba bado anaikata utambi na kuiwasha kidogo mara moja moja, hata umeme ukiwepo. Anasema mafuta yakikaa muda mrefu bila kuwaka yanachacha, na tangi tupu lililosahauliwa linakula kutu kwa ndani. Nimemuuliza fundi bati mmoja wa mjini, akaniambia mama huyo anajua kazi.

Juzi mshikaji ameandika tena. Amepanda mpaka laki na nusu, na anasema yuko tayari kutoboa tundu dogo tu, lisiloonekana. Ujumbe bado uko kwenye simu. Bibi sijamwambia.