Treni Ikiwa Kazini

Jahazi lililotweka tanga magharibi ikiingia, jua likizama nyuma ya mlingoti wake, limekwisha kupigwa picha mara zisizohesabika. Picha hizo huuzwa katika maduka ya zawadi, hutundikwa kwenye kuta za hoteli, na hapana ubishi kwamba zinapendeza. Lakini mwambie mwenye duka akutafutie moja tu ambamo jahazi hilo hilo linapakuliwa boriti saa sita za mchana, mahamali wamezitia mabegani, maji yamewafika viunoni, na nahodha amesimama akihesabu mzigo. Atapekua sana kabla hajaipata. Chombo ni kile kile. Kilichokosekana katika picha zile za kwanza ni kazi.

Si majahazi peke yake. Magari ya mbao ya shamba, mikokoteni, matishari, vivuko na treni, vyote hivi hupigwa picha zaidi vikishastaafu, vikapakwa rangi mpya na kuwekwa ndani ya uzio wa makumbusho, kuliko vinapokuwa njiani vimetapakaa mafuta na vumbi. Sababu moja ni wepesi, maana kilichosimama hakimkimbii mtu. Sababu nyingine ni kuwa kitendacho kazi kila siku hakionekani. Nani atahangaika kukipiga picha kivuko alichokipanda jana na atakachokipanda tena kesho? Na iko sababu ya tatu ambayo watu wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema: kwa miaka mingi stesheni, madaraja ya reli na bandari zilihesabiwa kuwa mambo ya usalama, na mwenye kuzielekezea kamera aliweza kujikuta akijibu maswali mbele ya askari. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana yake, lakini imeacha pengo katika kumbukumbu.

Mtu aliyeliona pengo la namna hii katika nchi yake, na akalijaza kwa ukaidi wa ajabu, ni Mmarekani O. Winston Link, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1914 na kufariki mwaka 2001. Alisomea uhandisi wa ujenzi, ila riziki yake aliipata kwa kupiga picha za matangazo ya biashara. Januari 1955 kazi ya aina hiyo ilimfikisha mji wa Staunton, jimbo la Virginia. Jioni, badala ya kupumzika, alikwenda Waynesboro, mji wa jirani, ambako treni za mvuke za kampuni ya Norfolk & Western zilikuwa bado zikipita. Usiku wa tarehe 21 ya mwezi ule alipiga picha yake ya kwanza. Katika miaka mitano iliyofuata alirudi huko mara 20 hivi, kwa gharama zake mwenyewe, na akajikusanyia negativu zipatazo 2,400.

Norfolk & Western ilikuwa na sababu zake za kung'ang'ania mvuke. Shehena yake kubwa ilikuwa makaa ya mawe yaliyochimbwa West Virginia na majimbo jirani, na ni taabu kwa mchukuzi wa makaa kuwaambia wenye migodi kwamba yeye mwenyewe hayataki jikoni mwake. Isitoshe, injini zake ilijiundia yenyewe katika karakana zake za Roanoke, na ya mwisho ilitoka humo mwaka 1953, wakati makampuni mengine makubwa yalikwisha kuhamia kwenye dizeli au yalikuwa mbioni kuhama. Ilikuwa ni kuchelewesha tu. Mwaka 1955 dizeli ziliingia, na mwaka 1960 moto wa mwisho ukazimwa. Rais wa kampuni, R. H. Smith, naye akiwa mtu wa mvuke, alimfungulia Link milango yote: karakana, stesheni, minara ya ishara na njia yenyewe. Pengine alijua kwamba hakuna atakayekuja tena kuomba ruhusa ya namna ile.

Jambo la kushangaza ni kwamba Link alichagua kuipiga picha mashine nyeusi usiku. Hoja yake ilikuwa ya kihandisi kuliko ya kishairi: jua hawezi kulisogeza, nalo kila mara liko mahali pasipofaa, reli pia hawezi kuisogeza, basi hana budi kuutengeneza mwanga wake mwenyewe. Akaunda mitambo ya taa za kumweka, balbu za kioo ambazo kila moja huwaka mara moja tu, kwa chini ya nukta, kisha ikatupwa. Yeye na msaidizi wake walitandika nyaya kando ya reli, wakapanda juu ya mapaa na kuvuka vijito, wakazifunga balbu kwa makumi, wakizilenga hii kwenye magurudumu, ile kwenye moshi, nyingine kwenye dirisha la nyumba ya jirani. Zote ziliungwa katika mzunguko mmoja, kiasi kwamba waya mmoja ukilegea zote hukaa kimya. Baada ya matayarisho ya saa nyingi, huenda ya siku nzima, treni huja. Haipunguzi mwendo kwa ajili ya mtu. Kidole hubonyeza mara moja, bonde zima hung'aa kama limepigwa na radi, kisha giza hurudi, na hapana ajuaye kilichopatikana mpaka negativu isafishwe.

Mtunzi aliyezoea kufunga shairi kwa vina na mizani atamwelewa Link upesi kuliko watu wengi. Wako wanaosema kwamba mtu akijifunga kwa masharti magumu kama yale huupoteza ukweli, kwamba ukweli huja wenyewe kwa aliyekaa wazi na kuungoja. Kazi ya Link yatoa ushahidi wa upande wa pili. Masharti ndiyo yaliyomlazimisha kuamua, kabla treni haijafika, ni kitu gani hasa alichotaka kionekane.

Na alitaka ionekane treni kati ya watu. Hapa ndipo anapoachana na wapenzi wengi wa mashine, ambao aghalabu huuona uso wa injini wakasahau kwamba dunia inaendelea nyuma yake. Katika picha zake treni hupita nyuma ya watoto wanaoogelea mtoni, kando ya kibaraza walichokaa wazee, nje ya dirisha la sebule ambamo mama amekaa na mtoto. Katika picha ya Green Cove, ya mwaka 1956, farasi aliyefungwa gari ameinamisha kichwa mbele ya stesheni huku treni ikiwasili, kana kwamba chombo kimoja kinachoondoka duniani kinakisalimu kingine ambacho bado hakijajua kwamba nacho kimo njiani.

Iliyovuma kuliko zote ilipigwa Iaeger, West Virginia, tarehe 2 Agosti 1956, na yaitwa "Hotshot Eastbound". Ni usiku, katika sinema ya wazi ambayo watu huitazama wakiwa ndani ya magari yao, kama ile iliyokuwako Dar es Salaam zamani. Mbele wamekaa kijana na binti katika gari lisilo paa. Kwenye kiwambo yaonekana ndege ya kivita. Nyuma, kando ya kiwambo, treni ya mizigo yapita ikifuka moshi mweupe. Karne nzima ya safari imo humo: gari, ndege, treni. Basi na ijulikane pia kwamba gari lile lilikuwa la Link mwenyewe, kwamba vijana wale walikaa pale kwa maagizo yake, na kwamba mwanga wa balbu ulipokifuta kiwambo, ndege ile ilitolewa katika negativu nyingine na kupachikwa baadaye katika chumba cha giza.

Je, ni uongo? Wako waliomlaumu, na lawama yao si ya kupuuzwa. Lakini kitazamwe kile ambacho hakikupangwa. Treni ilikuwa na shehena yake, ratiba yake, dereva na mchochezi wake, na ingepita Iaeger usiku ule hata kama Link angebaki kwao New York. Ile picha ya jahazi la magharibi, ambayo haikupachikwa kitu chochote, imeiondoa kazi na kubakiza umbo. Hii ya Iaeger imeyapanga mambo yote yaliyo pembeni na kuiacha kazi ilivyo. Kati ya hizo mbili, inayodanganya zaidi ni ya jahazi.

Kasoro kubwa ya Link iko kwingine. Virginia ya mwaka 1955 ilikuwa nchi ya ubaguzi wa sheria. Novemba ya mwaka ule ule alioanza kazi yake, tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia biashara baina ya majimbo iliamuru kwamba kuwatenga abiria weusi katika treni na vyumba vya kungojea vya safari za kuvuka majimbo kukome ifikapo tarehe 10 Januari 1956. Atazamaye picha mashuhuri za Link hatalijua hilo. Ataona kijiji kitulivu, kibaraza, mto, na watu wasio na ugomvi. Link aliipenda dunia aliyoiona ikiondoka, na mapenzi yalimchagulia la kuonyesha na la kuacha.

Miaka hiyo hiyo Virginia ilipokuwa ikiuaga mvuke, Mombasa ilikuwa ikiupokea. Mwaka 1955 na 1956 ziliteremshwa injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock ya Manchester, kila moja na uzito wa tani 250 hivi, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizowahi kuzishinda nguvu. Zilivuta mizigo kutoka baharini hadi Nairobi mpaka mwaka 1980, na moja, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Picha zake si haba, nyingi zikiwa za wageni waliopenda mvuke. Aghalabu nambari ya injini imeandikwa, mahali pameandikwa, tarehe imeandikwa. Dereva aliyeitoa injini ile baharini na kuipandisha hadi bara hana jina. Hapa Link anastahili sifa yake. Wapaka grisi, waosha injini, madereva na wapiga simu za stesheni, wengi wao aliwauliza majina na kuyaandika pamoja na picha. Dizeli ilipokuja haikuhitaji mchochezi wala mfua chuma wa boila, na wengi wa watu hao walikuwa wakitazama mwisho wa ufundi wao wenyewe.

Unguja nayo ilikuwa na treni. Reli ya Bububu ilifunguliwa mwaka 1905, maili 7 hivi kutoka Ngome Kongwe, ikipita karibu mno na milango ya nyumba, na katika miaka ya 1920 ikaacha kubeba abiria. Kilichobaki cha kuonekana ni kadi za posta. Juu ya kadi hizo treni ipo, njia ipo, na watu wamesimama kandoni wakiitazama kamera. Nani kati yao alikuwa akienda shamba, nani alikuwa akirudi na mihogo, nani alichochea moto? Kadi ilipigwa ili iuzwe kwa msafiri wa meli, na msafiri hakuuliza.

Link, kwa bahati njema, hakutegemea macho peke yake. Alibeba pia mashine ya kunasia sauti, na kuanzia mwaka 1957 alitoa sahani za santuri za treni zile. Katika mkesha wa Krismasi wa mwaka huo alikuwa katika stesheni ndogo ya Rural Retreat, Virginia. Kanisani, ng'ambo kidogo, mama mmoja alikuwa akipiga nyimbo za sikukuu kwa kengele, na sauti yake ilienea mji mzima. Katika santuri kengele husikika kwanza, peke yake, kwa muda. Kisha honi kutoka mbali. Treni huingia, husimama ikihema, na kengele haziachi. Halafu injini huvuta, pumzi moja, ya pili, ya tatu, mpaka pumzi zikaungana na kuwa mngurumo, na mngurumo ukafifia upande wa milimani. Kengele zimebaki zikilia.